Kisu Hakipandi Ndege

Mpendwa Yaya Alimasi,

Ni mimi, fundi cherehani, mdogo wako wa barazani pale sokoni Baraka. Najitaja mapema ili usianze kumsumbua Riziki kwa kumuuliza barua imetoka kwa nani. Nakuita yaya kama huku kwetu tunavyomwita kila aliyetutangulia kuzaliwa, ingawa mimi na wewe hatukutoka tumbo moja wala dini moja. Ijumaa ulikwenda msikitini, Jumapili nilikwenda kanisani, na siku zilizobaki tulikuwa watu wa visu.

Na wewe mwanangu Riziki, msomee baba yako polepole. Akisinzia, subiri. Akikasirika ni dalili nzuri, endelea.

Unalikumbuka baraza letu, yaya? Kushoto meza yako ya saa, na ile lenzi uliyoibana jichoni mpaka wageni wakadhani umezaliwa nayo. Kulia cherehani yangu. Katikati benchi moja lenye mguu mbovu, ambalo kila mmoja wetu alisema mwenzake ndiye atakayelitengeneza. Siku ile mama mmoja wa Mboko, mjane wa karani wa zamani, alikuletea saa ya mnyororo ya marehemu mumewe. Kwenye ncha ya mnyororo kulikuwa na kisu kidogo kisichozidi kidole changu cha mwisho: mpini wa pembe nyeusi, nyembe mbili za kukunja, na pete ya kukitundikia. Saa haikupona. Kisu ulikifungua kwa ukucha, kikalia ta! Ukakifunga, kikalia tena. Ukasahau kabisa kwamba mama wa watu amesimama anangoja.

"Mama, hii kisu, muzee alikuwa anafanyaka nayo nini?"

"Kuchonga krayo ya bureau, zile penseli zake za kazi," akajibu. "Na kujikata makucha siku ya Mungu. Mi nilijaribu kukatia mboga ya lengalenga, lakini iko kadogo sana, inanichokesha. Uikamate tu."

Ukakirudisha mezani, akakisogeza mbele yako, nawe ukaokota. Ndivyo ulivyoanza wazimu wako, na hukukawia kuniambukiza.

Watu walitucheka sana. Kisu cha kweli, walisema, ni cha kuchinjia mbuzi au kupasulia samaki. Sisi tulitaka vile vidogo vya mabwana, vya mfuko wa kizibao, vilivyokuja na makarani na mapadri na wafanyabiashara wa enzi hizo. Visu ambavyo havikupata kuua hata kuku. Ulisema kisu cha namna hiyo kinakuonyesha mtu alikuwa nani alipokuwa hana haraka. Sijui ulilitoa wapi neno hilo, lakini nimeliweka.

Unaikumbuka Misisi, kule machimboni? Mtu alikuambia kuna mnunuzi wa dhahabu mwenye kisu cha mpini wa ganda la chaza, mweupe unaobadilika rangi ukiugeuza juani. Basi lazima twende! Tulipanda pikipiki moja, mimi, wewe na dereva, kwenye barabara ile inayotoa meno. Mara mbili tulishuka kuisukuma, mara ya tatu yenyewe ndiyo iliyotushusha. Tukaingia kwa yule mnunuzi tumepakwa tope mpaka nyusi.

"Munatoka Baraka na hii barabara juu ya kakisu?" akauliza.

"Ndiyo," ukamwambia.

"Munanidanganya. Ndani iko nini?"

Akakichukua, akakiuma, akakikwaruza mpini, mwisho akakiweka kwenye mizani yake ya dhahabu. Wewe ulikitazama kama mtu anayemtazama mwanawe akipigwa sindano. Alipoona dhahabu haikuwamo hata chembe, alikikasirikia kile kisu kana kwamba kimemwibia. Ukamtengenezea saa yake ya mkononi palepale, naye akakitupa mezani, ukaokota. Tuligombana njia nzima ya kurudi, wewe ukisema ni chako kwa kuwa saa uliitengeneza wewe, mimi nikisema ni changu kwa kuwa mafuta ya pikipiki nilinunua mimi. Ugomvi ule hatukuumaliza. Kila Jumamosi alasiri tuliuanza upya, na wala sikutaka uishe.

Halafu yale mawese! Nacheka nikiandika. Kile cha pembe nyeusi kilikwama kwa unyevu wa masika, mafuta ya saa yakawa hayapatikani, nawe ukakitumbukiza kwenye kikombe cha mawese. Wewe, fundi saa mzima! Kesho yake kiliganda, kinanuka kama sufuria ya maharagwe. Mama Riziki, Mungu amrehemu, alikuletea chakula barazani, akakitazama kikombe, akakutazama wewe. "Sasa mukipike pamoja na majani ya sombe tuonje," akasema, akaenda zake. Ulinuna mpaka adhuhuri. Tulikisugua kwa majivu na kipande cha kitambaa cha suti, na tangu siku hiyo hakikutoka tena mfukoni mwako.

Na ile sheria ya kwetu uliishika kuliko mtu yeyote niliyemjua. Kisu hakitoki mkono mmoja kwenda mwingine. Anayetoa anakiweka, anayepokea anaokota mwenyewe. Ukimpa mtu kisu mkononi, mtagombana au mtaachana. Hata mteja akikunyooshea wembe wa kukatia mkanda wa saa, ulimkatalia: "Weka kwanza." Mimi nilikutania, nikasema ni mambo ya bibi. Wewe ulisema bibi hakugombana na mtu hata mmoja maisha yake yote.

Sasa nifike pale ambapo sipendi kufika. Baada ya Mama Riziki kututoka, Riziki alikuita Kanada. Alifanya vizuri, simlaumu. Asubuhi ya safari ulivaa koti nililokushonea, lenye kimfuko cha ndani upande wa kulia, kipimo cha kile kisu. Visu vingine vyote ulikuwa umeniachia, vimekaa kwenye kile kitambaa cha vijifuko tunachokikunja kama mkeka. Uliketi garini karibu na dirisha, gari la Uvira limejaa, linanguruma. Dereva akakuuliza unakwenda mpaka wapi, ukasema Kanada, na abiria mmoja nyuma yako akadakia:

"Muzee, kama uko na kisu acha hapa hapa. Kisu haipandake ndege. Batakufunga."

Nilikuona unavyoupapasa ule mfuko. Gari likaanza kutembea, nami nikawa natembea nalo. Ulitoa mkono dirishani ukakisukuma kwenye kiganja changu. Mkono kwa mkono, yaya! Nilitaka kukuambia weka kwanza, lakini ungeweka wapi? Chini palikuwa barabara.

"Unichungie, mudogo," ulisema. Basi. Vumbi likafunga.

Mwanzoni ulipiga simu. Ulinieleza baridi, ulinieleza kwamba huko hakuna hata mtu mmoja mwenye saa mbovu, tukacheka. Halafu ukaanza kuniuliza jambo lile lile mara mbili, mara tatu. Halafu kimya. Nilipiga, hukushika. Nilituma salamu, haikurudi hata moja. Nilikasirika, siwezi kukuficha. Nilisema amepata watu wake wapya huko, sisi wa Baraka tumekuwa matope ya viatu. Hasira ilipopoa nikaanza kukitazama kisu kwa jicho baya. Mimi niliyekutania na mambo ya bibi, nikawa naamini kwamba kimetukata.

Meza yako haipo tena. Pale pamewekwa betri na nyaya za kuchajia simu, na spika inayopiga kelele kutwa. Benchi limevunjika ule mguu, nami nimelitengeneza, ili ujue ni nani alishindwa. Jumamosi alasiri natandika kile kitambaa, navifungua vyote kimoja kimoja, navifuta, navifunga. Cha chaza nacho nakifuta, na hakuna anayeniambia niondoe mikono yangu. Nimebaki nacho bila mpinzani na sikifurahii. Wanaopita wanasimama kidogo, wanauliza ni vya kufanyia nini, nikianza kueleza wanatazama simu zao. Soko zima limenizunguka, yaya, na niko peke yangu. Sikujua kwamba mtu anaweza kukosa ugomvi mpaka kifua kikamuuma.

Kisha Riziki akanipigia. Riziki, hapa nakusema wewe, usiruke. Aliniambia kwamba baba yake ni mgonjwa wa kusahau. Kwamba baba anamwita Riziki kwa jina la shangazi yake, na mlangoni anamngoja marehemu mkewe arudi kutoka sokoni. Halafu akasema:

"Kila asubuhi Papa anapapasaka mufuko ya kuume. Tunamuuliza anatafuta nini, hajue. Tulimupatia telefoni, akakatala. Tulimupatia ufunguo, akakatala. Anaanza kulia. We ulikaa naye sana, labda unajua?"

Nilikaa nimeshika simu sikioni, mkono wangu wa pili umo mfukoni, na kisu chako kimo ndani ya mkono huo. Kumbe hukuwa umenitupa. Kumbe kila asubuhi ulikuwa unakitafuta, na mimi huku nakununia kama mtoto. Riziki alidhani laini imekatika, akaita, "Alo? Alo?" Nililia, yaya, mbele ya wateja, na yule wa spika akapunguza sauti.

Sasa Mama Neema, binti wa kaka yako, anakuja huko kwenu. Ameuliza, amehakikishiwa kwamba kisu kidogo kinaruhusiwa kwenye sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege. Laiti tungalijua siku ile! Nitakuambia ukweli: nilikaa nacho siku nzima kabla ya kumwita. Ndicho kilichobaki cha kwako chenye joto la mwili. Nilifikiri nikutumie cha chaza, ni kizuri zaidi, nibaki na hiki. Lakini mfuko wako hautafuti kizuri. Basi Mama Neema alipokuja nilikiweka juu ya cherehani, naye akaokota, kama inavyotakiwa. Cha chaza nacho nakupa, umeshinda. Kinakaa hapa kwenye kitambaa, kijifuko chake kina jina lako, nimelitarizi jana.

Sina lingine, ila kukuaga kama tulivyoagana kila jioni tukifunga kazi: Mungu atuamshe.

Riziki mwanangu, kabla hujasoma mistari inayofuata, kitoe kisu kwenye kitambaa nilichokizungushia. Usimpe baba yako mkononi. Kiweke mezani mbele yake, kimekunjwa, na usimwonyeshe namna ya kukifungua. Uso wangu unaweza kuwa umempotea, jina langu pia. Ukucha wake hautasahau. Ngoja tu, hata akichelewa.

Yaya, hicho hapo. Siku ile ya gari ulinipa vibaya, na leo nakurudishia vizuri, nimeweka. Kiokote mwenyewe. Mimi niko barazani, nimepapasa mfuko wangu wa kuume, na hamna kitu.

Mdogo wako wa barazani