Ufunguo Aliouvunja Baba

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha matofali.
Jumapili jioni, tumetoka ibadani.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Salamu za upendo zikufikie huko uliko, zikukute mzima wa mwili na roho. Je, kile kikohozi ulichokuwa nacho kwenye simu kimekuachia? Usikichezee, funika kifua. Sisi huku hatujambo kwa rehema za Mungu. Mama goti linamsumbua mvua ikikaribia, lakini ulimi wake hauna baridi yabisi. Asubuhi nzima alikuwa akinikosoa ninavyoanika nguo.

Najua unatafuta habari za Baba, nami sitakuzungusha. Yuko vilevile, na hayuko vilevile. Vumilia nieleze, maana kwenye simu unakatika kabla sijafika penyewe.

Tangu kile kiharusi, upande wake wa kulia ulilala. Mguu umeamka kidogo, anajikongoja na fimbo. Maneno yanatoka moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Ila mkono wa kulia ulikataa katakata. Dada wa mazoezi kutoka hospitali alimletea mpira laini wa kubinya. Baba huutazama mpira ule kama mtu aliyetukanwa, kisha anausukumia chini ya kitanda. Siku moja yule dada alinivuta pembeni, akaniambia tusiukatie tamaa mkono ule, lakini tusiutegemee sana. Nilipiga magoti chumbani, maneno yasije, nikalia tu. Mungu anajua kusoma hata machozi.

Kitu kimoja tu ndicho kilimtoa Baba kitandani: pikapu yake. Kila asubuhi tulimkalisha kwenye usukani palepale bandani, Mama kando yake kama wanakwenda safari, nami nawapelekea chai. Gari lenyewe lilikuwa maiti. Betri imekufa, usukani umejifunga, na ufunguo umeng'ang'ania kwenye kitasa, hautoki wala haugeuki. Baba huupapasa, hunywa chai yake, hurudi ndani akiwa na uso wa mtu aliyetoka kazini.

Sasa Jumanne ya wiki iliyopita nimesimama mlangoni mwa gari upande wa Baba, nikasikia kah! Ufunguo umekatika. Kichwa kimeangukia mapajani mwa Baba, kiwiliwili kimebaki ndani ya kitasa. Nilichofanya kwanza ni kupitisha mkono mbele ya kifua chake nimpokonye kikombe, asije akajimwagia chai.

Baba akasema, "Basi." Akarudishwa ndani, akalala akitazama ukuta. Kesho yake hakutaka kutoka. Keshokutwa vilevile, na chai akaiacha ikapoa. Mdogo wangu, hapo niliogopa kuliko siku ile ya kiharusi. Mtu akishaupa ulimwengu mgongo, utamgeuza kwa kamba gani?

Shemeji yako alijaribu kuutoa ule ufunguo kwa koleo, akauzamisha zaidi. Kisha akaja na wazo la kuunasa kwa gundi. Mama akamwambia, "Mkwe wangu, pumzika. Umeanza na koleo, sasa gundi, kesho utaleta baruti." Shemeji yako akasema basi gari liuzwe chuma chakavu, limekula chumvi ya kutosha. Mama alijitanda, akaenda mwenyewe kumwita fundi.

Fundi ni mwanamke wa rika langu, miwani kaifunga kwa uzi, na watu wanamwita Mama Vitasa. Hakukimbilia kitasa. Alimwambia shemeji yako aushike usukani autikise polepole, kushoto na kulia, ili chuma cha ndani kipumue. Yeye akachukua wembe mwembamba wa msumeno, hauzidi upana wa njiti ya kiberiti, akaupenyeza kando ya kile kipande, meno yakitazama nje, akawa anavuta na kuachia, anavuta na kuachia. Tulinyamaza kama tuko kwenye sala, na mimi kweli nilikuwa kwenye sala.

Kikatoka. Cheusi, kinanata. Fundi akakinusa, akauliza, "Nani hapa anakaanga gari?"

Ndipo mambo yakafichuka. Shemeji yako alikuwa amepaka grisi. Mama alitia mafuta yake ya nywele, kwa kuwa yaliwahi kutuliza bawaba za mlango wa jikoni. Na mimi nilidondosha yale mafuta ya kuombewa, tone moja, haya, matone kadhaa. Kila mtu kwa siri yake, kila mtu kwa mapenzi yake, asimwambie mwenziwe. Vumbi likaingia humo, kitasa kikawa ulimbo. Fundi alicheka mpaka akavua miwani. Akasema, "Kitasa kimepakwa, kimesukwa, kimeombewa. Bado kuozwa tu."

Alipomaliza kucheka alivisogeza vile vipande viwili kwenye mwanga. Akavitazama sana.

"Huu haukukatika kwa uzee," akasema. "Oneni ulivyosokoteka. Mwambieni kijana wenu apunguze nguvu."

Mama akamwambia hakuna kijana, ni mzee wake, ameugeuza kwa mkono wa kushoto, ndio mzima.

Nikamwuliza, "Mama, kikombe nilikipokea upande gani?"

Mama alinitazama. Kisha akashika bega lake mwenyewe. "Kilikuwa huku kwangu," akasema. "Mkononi mwake mwa kushoto."

Goti alilisahau palepale. Tulimkuta Baba bado anatazama ukuta. Mama akakaa kitandani, akamwambia kwa upole kama anamwuliza chumvi iko wapi, "Baba watoto, ufunguo umeuvunja kwa mkono upi?"

Nikadhani amelala. Halafu shuka likatikisika, na kutoka chini yake ukainuka mkono wa kulia, si sana, kimo cha kikombe, unatetemeka.

"Huu," akasema Baba.

Nadhani hata yeye alikuwa hajajua. Aliona chuma tu kilichovunjika, kama sisi sote.

Basi fundi alikisafisha kitasa kwa dawa ya kupuliza, akakisugua, akakikausha, kisha akatia unga wa risasi ya penseli, akatupiga marufuku mafuta ya aina yoyote. Nikamwuliza, hata yale ya kuombewa? Akasema, "Hayo jipake wewe." Akaunganisha vipande vile kichwa kwa kiwiliwili, akachonga ufunguo mpya kwa kufuatisha, na kwenye kichwa chake akagongelea kibao kipana ili vidole dhaifu vipate pa kushika. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Nimemweka kwenye maombi yangu.

Dada wa mazoezi alikuja tukampeleka bandani. Alimtazama Baba akigeuza ufunguo, akaushika mkono, akaubonyeza huku na huku. Akasema safari ni ndefu na tusitarajie ashike kijiko upesi, lakini mkono umeamka. Kisha akaenda kuutoa mpira wake chini ya kitanda, akaurudisha mkobani.

Shemeji yako, kwa kutubu habari za chuma chakavu, ameichaji betri na kuweka mawe kwenye magurudumu. Juzi Baba aligeuza ufunguo hatua ya kwanza, taa za dashibodi zikawaka, nyekundu na kijani. Mama akapiga kigelegele ndani ya gari mpaka Baba akaziba sikio. Akajaribu hatua ya pili, ile ya injini. Vidole vikagoma. Nikajikaza kungoja lile neno "basi".

Akasema, "Kesho."

Jana akasema hivyohivyo, na leo pia. Humu ndani nimekufungia vile vipande viwili. Vishike, uone kilivyosokoteka chuma, ndipo uujue mkono wa baba yako.

Nisalimie mkeo, na mwanangu mdogo mbusu kwenye paji. Mama anakusalimu na anasema uvae soksi. Shemeji yako anakusalimu, anakuomba usiulize habari za gundi. Mungu aliyeuamsha mkono ule akushike wa kwako, huko uliko na njia nzima ya kurudi.

Nimemwuliza Baba nikuandikie neno gani kutoka kwake. Amefikiri kidogo, ameinua kidole cha kulia, akasema, "Mwambie kesho."

Ni mimi dada yako, nisiyechoka kukutaja mbele za Mungu.