Uji Wako wa Saa Nne

Mpendwa somo yangu,

Mganga mfawidhi ameniomba niandike maneno machache ya kubandika kwenye ubao pale mapokezi, kuhusu afya za sisi watumishi. Nilianza kuandika kama tangazo. Nikaona linafanana na yale matangazo mengine ambayo watu huyaegemea tu wakisubiri kadi, nikalichana. Nakuandikia wewe basi, na wanaotaka kusoma wasome.

Kituo kipo palepale Kivinje, ukuta umepakwa rangi upande unaoonekana na wageni. Bati la chumba chetu bado linavuja mahali pale ulipokuwa ukiweka ndoo, na ndoo ni ileile. Dawa za presha zipo mwezi huu, za sukari zinakuja kwa kusuasua. Bi Fatu, mgonjwa wako wa Jumanne, anauza mihogo ya kukaanga kama kawaida, ingawa macho yamempungua nguvu na chenji anaipapasa kwa vidole.

Kwa wasiotujua: mimi naitwa Zuhura na wewe uliitwa Zuhura, ndiyo maana tukaitana somo. Nilipofika hapa kutoka chuoni na begi langu moja, uliniuliza jina mlangoni. Nikakuambia. Ukasema, "Basi wewe ni somo yangu, na somo yangu hapangi chumba wakati mimi nina kitanda cha ziada." Nikadhani unatania. Jioni ile nililala kwako, na nikakaa mpaka nilipoolewa. Wagonjwa wakatuita Zuhura Mkubwa na Zuhura Mdogo, ingawa kwa urefu ulikuwa unanifika begani.

Kliniki ya sukari na presha ilikuwa yako, kila Jumanne. Uliipenda kwa namna ambayo mimi, kusema kweli, sikuielewa. Watu wale wale, na malalamiko yale yale ya miguu kuwaka moto, mwaka hadi mwaka. Mimi nilitamani wodi ya wazazi, ambako mtu anaingia mmoja anatoka wawili na habari imekwisha. Wewe ulisema huku ndiko unakopata kumjua mtu. Ulijua nani kaacha dozi kwa kuambiwa na shehe fulani, nani kaacha kwa kuambiwa na shemeji. Mwezi wa Ramadhani uligombana na wazee waliofunga huku wanachoma sindano, ukiwaambia dini imewapa ruhusa na wao wanairudisha kama zawadi mbaya. "Sukari haina adabu," ulikuwa ukiwaambia. "Haiangalii huyu kaswali, huyu kasali."

Na kila anayechoma sindano ulimtaka atembee na kitu kitamu. Kashata, tende, chochote. Wanawake wakafunga kwenye pindo la kanga, wanaume mfukoni. Ukawafundisha dalili za sukari kushuka mpaka wakaziimba: jasho, kutetemeka, kuongea maneno yasiyo na kichwa. Hapo usiulize maswali, mtie mtu kitu kitamu mdomoni kwanza.

Kwamba wewe mwenyewe ulikuwa na sukari, nilijua mimi peke yangu, kwa sababu nililala nyumba moja nawe na niliona chupa yako ya dawa ya sindano ikipozwa ndani ya kile kimtungi cha udongo chenye maji, chini ya dirisha. Hukutaka wengine wajue. Uliniambia, "Wakisikia mpimaji naye anaumwa, watasema dawa zake zingekuwa dawa angejiponya kwanza." Nikanyamaza kama ulivyotaka. Ilikuwa siri yako, na mimi si mtu wa kubeba maneno.

Sasa Jumanne ile. Ulichoma sindano alfajiri, ukatia uji kwenye chupa ya chai ili unywe ukifika. Ndivyo ulivyofanya siku zote, na siku nyingi uliwahi kabla ya watu. Siku ile watu walikuwa wamekuwahi wewe. Benchi limejaa, wengine wako chini ukutani. Wale wa milimani, Wamatumbi, walikuwa wametoka kwao giza bado, na wote hawajala kwa sababu sisi ndio tuliowaambia waje bila kula. Mama mmoja alikuwa amemlalia mwenzie begani kwa njaa. Chumba chenyewe unakijua, mlango wazi, benchi linaitazama meza. Nikakukumbusha uji. Ukaniambia kwa sauti ya chini, "Nitakunywaje uji mbele ya watu wenye njaa, Zuhura? Mimi sikulelewa hivyo." Nikasema toka nje basi. Ukasema ukitoka foleni inasimama, na foleni ikisimama mtu wa milimani anakosa gari la kurudi.

Ningekuwa mimi ningefanya vilevile. Huku kwetu hata mtoto mdogo anafundishwa kuficha andazi kama mwenzie hana. Chupa ya uji ikakaa chini ya meza.

Ilipofika saa nne nilikuwa meza ya presha, nikasikia unamwita Bi Fatu kwa jina langu. Akakuambia yeye ni Fatu. Ukamwita tena Zuhura, ukamwambia atoe samaki juani. Watu wakacheka kidogo, wakidhani unatania, kwa kuwa ulikuwa mtu wa utani. Bi Fatu hakucheka. Alikutazama uso unavyotoka jasho, akasimama, akafungua pindo la kanga yake.

"Huyu imemshuka," akasema. "Fungua mdomo, mwanangu."

Akakutia kashata kama anayemlisha mtoto, akakushika kidevu mpaka ukatafuna. Mimi nikafika na kipimo, nikakutoboa kidole, nikasoma, nikamimina uji wenyewe kikombeni. Benchi zima lilikuwa limesimama. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Kumbe naye?" Bi Fatu akamjibu bila kugeuka, "Naye nini? Kaa chini."

Siri yako ikaishia pale, mbele ya watu wote uliowaficha.

Mfawidhi alikuita mchana. Sitaki watu wamfikirie vibaya, maana ndiye atakayeibandika barua hii. Aliogopa utaanguka na sindano ya mtu mkononi. Akasema, "Dada Zuhura, naona upumzike kliniki. Utakaa kwenye kadi, kule hakuna kazi nzito." Ukasema sawa. Ulirudi chumbani ukaanza kupanga droo ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nyumbani ulikula chakula chako chote, ukaosha vyombo, halafu ukaniambia, "Nimekuwa mgonjwa tu sasa. Miaka yote nilikuwa mtu mwenye sukari. Leo nimekuwa mgonjwa." Nilijua kwamba wakikuondoa Jumanne hubakiwi na kitu cha kuamkia.

Jumanne iliyofuata ulikuwa kwenye dirisha la kadi, umejifunga ushungi mpya. Bi Fatu alipofika hakuja kwenye benchi. Alipita moja kwa moja hadi ofisini kwa mfawidhi na mlango akauacha wazi, kwa makusudi, namjua.

"Shikamoo, Bi Fatu," mfawidhi akasema.

"Marahaba, baba. Nimekuja kuuliza. Mmetufundisha hapa kwamba mwenye sukari anaweza kulima, anaweza kuvua, anaweza kuzaa. Huyu wenu ndiyo hawezi kukaa kwenye kiti akapima watu?"

"Hakula, mama. Angeweza kupata madhara makubwa."

"Hakula kwa kutuonea haya sisi. Basi hilo la haya tuachie sisi wenyewe. Wewe turudishie mtu wetu."

Mfawidhi akainuka kitini. Halafu akatoka, akaja mpaka dirishani kwako, akasema maneno ambayo nimewahi kuyarudia kwa wakubwa wa kazi wengine: "Nilikosea kukutoa. Ilikuwa nikutafutie kiti na nikupe muda wa kula."

Saa nne ilipofika Bi Fatu akapiga kofi mara moja. "Jamani, Zuhura anakunywa uji wake. Tutazame ukutani." Na watu wakarusha miguu upande wa pili wa benchi, wote, wanawake wakishika kanga zao, wakatupa migongo, wakaitazama ile picha ya chandarua kama wanaiona kwa mara ya kwanza. Mzee mmoja wa Kipatimu, mwenye rozari shingoni, akawa anakohoa makusudi kila ukipiga funda ili usisikike. Wewe ukanywa haraka mpaka ukaungua ulimi, ukanilaumu mimi eti nimeutia moto sana.

Ikawa desturi ya Jumanne. Saa nne benchi linageuka, mtu mwingine anashika meza yako, unakula, wanarudi. Mfawidhi akapanga zamu upya ili kila mtumishi apate saa yake ya kula, na watumishi tukaanza kupimwa presha na sukari kama wagonjwa wetu. Yeye alikuwa wa kwanza kukutwa na presha, akanuna wiki nzima. Bi Fatu akawa anafunga kashata mbili kwenye pindo, moja yake na moja yako. Ulifanya kazi mpaka siku ya kustaafu, ukaondoka na miguu yako yote miwili, na hilo ulilisema kwenye hotuba ya kuagwa mpaka mgeni rasmi akaona aibu.

Kisha ukahamia Mtanda, huko Lindi, kwa binti yako, kisha figo zikafeli. Nilipokuja Lindi kukuona ulikuwa umevimba uso na bado unanikosoa kanga nilivyoifunga. Ukaniuliza kama benchi bado linageuka. Nikakuambia siku hizi halina wa kumgeukia, sisi wengine tunatoka nje kula. Ukasema, "Afadhali." Kisha ukasema, "Nikifa waambie watu ni figo. Wataanza kusema nimerogwa." Niliwaambia, somo. Msibani palepale niliwaambia. Wapo waliosema umerogwa hata hivyo.

Sasa habari yangu, ambayo ndiyo aliyoitaka mfawidhi, nami nimeizunguka kwa mbali.

Kwenye kupimana kwetu, sukari yangu ilikutwa juu. Tukarudia, ikawa juu. Nimeanzishiwa dawa, halafu na sindano. Nilikasirika. Miaka yote hii nawaeleza watu, na kumbe nilipoelezwa mimi sikusikia hata neno moja, nilikuwa natazama viatu vya anayenieleza. Niliona aibu pia, aibu kabisa, kama mtu aliyekamatwa. Mfawidhi hakunisema kwa mtu. Aliniambia, "Siri ni yako, lakini saa nne ni ya kituo. Utakula." Nikawa nakula stoo, mlango nimeurudishia, nimekaa juu ya boksi la glavu. Nikatoka huko nikiwaambia watu waishi na sukari bila kuona haya.

Jumanne iliyopita stoo ilikuwa imejaa mzigo wa dawa, hapana pa kukaa. Nikaweka chupa ya uji mezani kwetu, nikasema nitapiga mafunda mawili ya haraka nimeinama. Nilipofungua kifuniko, Bi Fatu akainua kichwa. Macho hayaoni vizuri lakini sikio lake ni lile lile. Hakuniuliza kitu. Akasema tu, "Geukeni."

Na wakageuka, somo. Hata wale wapya ambao hawakukuwahi, walifuata wenzao. Nikabaki natazama migongo, kanga na mashati na kile kisogo cha yule mzee wa Kipatimu, ambaye alianza kukohoa. Pengo lako nililiona pale kuliko siku ya mazishi yako. Nilitaka uwepo, basi, uwepo tu na unikosoe.

Nikaweka kikombe chini.

"Msigeuke," nikasema. "Nitazameni."

Wakarudi polepole, hawaelewi. Nikachukua kipimo, nikajitoboa kidole mbele yao, nikawasomea kilichoandikwa. Nikawaambia nina sukari, nachoma sindano, na Jumanne ijayo watanikuta hapahapa. Halafu nikanywa uji mbele ya watu wenye njaa, funda kwa funda, na wao wananitazama. Mama yangu angenichapa.

"Mtamu?" Bi Fatu akauliza.

"Hauna sukari, bibi."

"Sukari unayo wewe," akasema, na benchi lote likacheka, na mimi nikacheka. Kisha akafungua pindo la kanga yake kwa kupapasa. Humo mlikuwa na kashata mbili. Miaka imepita tangu ustaafu, na wewe uko Lindi kaburini, na mle ndani zilikuwa mbili.

"Sikuacha kuja nayo," akasema, akaninyooshea ya pili. "Nilikuwa sijui tu nampa nani."

Mwenyezi Mungu akurehemu, somo. Saa nne inakaribia, nafunga hapa nikale.

Ni mimi, somo yako,
Zuhura Mdogo