Barua ya Somoe Ilianza Vizuri

Masasi, Jumatano, wiki ya kwanza ya Novemba

Joto la leo halina hata upepo wa kulisindikiza. Majabali yamekunywa jua tangu asubuhi na sasa yanatutemea sisi. Nimekaa ofisini, madirisha wazi, mbele yangu fomu ya mpango wa muhula. Mistari kumi na tano, wiki kumi na tano. Ilitakiwa Ijumaa iliyopita. Nimeshajaza jina langu.

Jina tu.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: ninafundisha uandishi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa mjini. Wananijia wote kwa pamoja, wa utabibu, wa kilimo, wa ualimu na wa maendeleo ya jamii, ukumbi mmoja, saa mbili asubuhi. Miaka tisa sasa. Na kwa miaka hiyo tisa mpango wangu wa muhula umekuwa mmoja. Nafuta mwaka juu ya karatasi, naandika mwaka mpya, naupeleka kwa mkuu wa taaluma. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Wote niliwafundisha insha. Anza kwa utangulizi unaomkaribisha msomaji. Toa usuli. Jenga hoja polepole. Jambo zito liache mwisho, kama mwenyeji anayekunawisha, akakuandalia mkeka, akakuuliza habari za nyumbani, ndipo akaleta kitoweo. Mfano huo niliutunga mwenyewe na niliupenda. Wanafunzi walikuwa wanacheka, wanaandika.

Somoe alikuwa mmoja wao.

Alitoka kijiji kimoja juu kule, upande wa Newala, binti mdogo wa umbo, anakaa mbele kwa sababu macho yake hayakuwa mazuri na miwani hakuwa nayo. Alisomea utabibu. Kazi yake ya kwanza kwangu naikumbuka kuliko kazi za wengine wote, na si kwa sababu ilikuwa nzuri machoni pangu wakati ule. Niliwaambia waeleze mgonjwa waliyewahi kumwona. Wenzake walileta kurasa tatu. Yeye aliandika: mtoto ana homa, siku ya tatu, hanyonyi tangu jana, utosi umebonyea, apelekwe sasa hivi. Basi.

Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika chini yake kwamba hiyo siyo insha, apanue.

Akapanua. Alikuwa mtiifu na mwenye bidii. Kila wiki alikuja ofisini na daftari, nikamwonyesha jinsi ya kuunganisha sentensi, jinsi ya kutanguliza heshima, jinsi ya kutomrukia msomaji. Mwisho wa muhula alipata A. Pembeni niliandika kuwa ana mtiririko mzuri.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa mwenzangu anayefundisha idara ya utabibu alinisubiri baada ya ibada, akanivuta kando. Somoe alikuwa amemaliza chuo, anajitolea katika zahanati moja ya huko juu. Akaletewa mama aliyejikata mguu kwa panga akisafisha shamba la mikorosho. Kidonda kilikuwa kimeoza, homa kali, mguu umevimba hadi pajani. Akaamua kumpa rufaa, na aliamua sawasawa. Fomu za rufaa zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo akaandika barua kwa mkono, kwa Kiingereza, kurasa mbili za daftari. Mama yule alikuwa amemweleza kwamba zamani sindano ya penisilini ilimvimbisha koo nusura afe. Somoe aliliandika hilo.

Aliliandika katika aya ya mwisho, ukurasa wa pili, nyuma ya karatasi.

Hospitali alikopelekwa siitaji, na siwalaumu. Aliyepokea barua alikuwa na foleni ya wagonjwa mbele yake. Alisoma mwanzo, akaona kidonda, homa, heshima nyingi, akaelewa kwamba ni maambukizi. Mama yule alichomwa sindano. Hakumaliza saa moja.

Nitakiri hapa kitu ambacho sijamwambia hata mume wangu. Mwenzangu alipomaliza kusimulia, kitu cha kwanza kuniingia moyoni hakikuwa huruma. Niliona nafuu kwamba jina langu halipo popote kwenye barua ile.

Nafuu hiyo ilikaa siku mbili. Kisha nikaanza kukosa hamu ya kula.

Jumamosi ya juma lililopita nilipanda gari la asubuhi kwenda Newala. Kule juu kulikuwa na ukungu na baridi ya kuvaa sweta, mtu hawezi kuamini ni mkoa mmoja na tanuri hili la Masasi. Nilimkuta Somoe shambani kwa baba yake, ameinama chini ya mkorosho, anaokota, ananyonga bibo, lile tunda laini, anatupa korosho kwenye ndoo. Zahanati ilikuwa imemwambia akae nyumbani mpaka kamati iliyoundwa imalize kuchunguza. Aliponiona alifuta mikono kwenye kanga, akanipa shikamoo yake kwa goti lililokunjwa, kama zamani. Nikamwitikia marahaba, nikamshika mkono ainuke.

Hakulia. Alinionyesha picha ya barua aliyokuwa ameipiga kwa simu kabla ya kuikabidhi. Nilisoma sentensi ya kwanza nikajua mwandishi wake. Kwa unyenyekevu mkubwa na kwa kuthamini ushirikiano wa muda mrefu uliopo baina ya taasisi zetu. Sentensi hiyo, kwa Kiingereza kilekile, niliiandika mimi ubaoni. Barua nzima ilikuwa darasa langu, hatua kwa hatua, haijakosea hata moja.

Akaniomba jambo. Mume wa yule mama, mzee anayeitwa Baba Mwanahawa, alikuwa amemtumia ujumbe mara mbili aende akamsomee ile barua, kwa kuwa yeye Kiingereza hajui na ndiye aliyeibeba. Somoe alikuwa hajapata moyo wa kwenda. Akaniuliza kama ningeweza kwenda naye.

Tulienda kwa miguu. Msiba ulikuwa haujafika arobaini. Baba Mwanahawa alitupokea barazani, mtu mrefu, kofia ya kufuma, sauti ya chini, akatutandikia mkeka, akanipa barua yenyewe, aliyorudishiwa hospitali. Somoe akakaa karibu na mlango, kichwa kimeinama. Nilimpa mzee pole, akaitikia kwamba ni kazi ya Mungu, kisha akanitazama akisubiri.

Nikaanza kutafsiri, sentensi moja baada ya nyingine. Salamu. Shukrani kwa hospitali. Umri wa mgonjwa, kijiji, idadi ya watoto. Shughuli za kiuchumi za kaya. Maana ya usafi wa vidonda vijijini. Namna ajali ilivyotokea. Dawa za kienyeji zilizotangulia. Mzee alisikiliza kwa adabu, akitikisa kichwa kidogo kidogo. Nilimwona anavyonyoosha shingo kila nilipoanza sentensi mpya. Alikuwa anangojea neno lake. Nikageuza karatasi. Niliona haya kuendelea, lakini nikaendelea. Nilipofika kwenye sindano, akainua mkono.

"Hapo ndipo," akasema. "Kumbe lilikuwamo."

Kuku walikuwa wanaparua kwenye maganda ya mihogo. Kisha akaongea, pole kabisa, bila kumkabili yeyote kati yetu.

"Mimi nilijua, Mwalimu. Ile sindano ya zamani nilikuwapo. Pale hospitali nilitaka kusema, nikajiambia, nina karatasi, wenye elimu wameshaandika. Mimi mkulima niseme nini tena?"

Somoe alitoka nje. Mimi nilibaki pale na karatasi mkononi.

Nilikwenda nikijua kosa langu ni la kuzika jambo. Sikuwa nimefikiria kwamba maandishi yetu yale marefu yalikuwa pia yamemfunga mdomo mtu aliyekuwa na habari yenyewe kichwani, amesimama mlangoni, hatua tatu kutoka kwa mkewe.

Kabla sijaondoka nilimweleza kwamba aliyemfundisha Somoe kuandika vile ni mimi. Hakunisamehe wala hakunifukuza. Aliniambia nimwandikie ile barua kwa Kiswahili aiweke, na nikalifanya hilo palepale, kwenye daftari la mjukuu wake. Alipoipokea akaomba tena: kama nitaisimulia popote, jina la mkewe lisitajwe. Ndiyo maana halimo humu, na mengine pia nimeyabadilisha asitambulike.

Jumatatu nilikwenda kwa mkuu wa taaluma na mambo mawili. La kwanza, niiandikie kamati kwamba binti alifanya alivyofundishwa. La pili, nibadilishe mpango wa muhula mzima.

Si mtu mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia maji. Kuhusu kamati, alisema nisitumie karatasi yenye nembo ya chuo. Nikitaka kuandika, niandike kama mtu binafsi, na nikumbuke kwamba kila mtu atatafuta pa kuliweka jambo hili, na wako watakaofurahi kuliweka kwetu. Kuhusu mpango, akafungua kabati akanionyesha mitihani ya nje ya miaka iliyopita. Swali ni insha. Kila mwaka ni insha. Akaniuliza watoto hawa wakifeli insha, nani ataenda kwa wazazi wao. Mwishowe akasema atanipa wiki mbili, za mwanzo. Kumi na tatu zibaki kama zilivyo.

Wiki mbili kati ya kumi na tano.

Niliandika kwa kamati. Ukurasa mmoja. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba mimi ndiye niliyemfundisha Somoe kuweka jambo la hatari mwishoni, na nilimpa alama ya juu kwa kufanya hivyo. Niliiandika mara sita, kwa sababu kila mara mkono wangu ulitaka kutanguliza salamu. Jana nikaipeleka Newala mwenyewe.

Leo saa nne Somoe amepiga simu. Kamati imemaliza. Barua yangu ilisomwa mbele yake. Mwenyekiti alisema mwalimu si mhusika wa shauri hili. Hatajitolea tena pale, na barua ya tabia itakayokwenda kokote atakakoomba kazi itaeleza sababu. Aliyaongea haya kwa utaratibu, kama anasoma kipimo cha mtu mwingine. Nikamwambia nitakata rufaa, nitakwenda mkoani, nitafanya hiki na kile. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

Nikamweleza basi juu ya zile wiki mbili. Nilitaka kumuuliza kama ningeweza kuisoma barua yake darasani bila jina lake, lakini niliona ni kumtumia mara ya pili. Ikawa kama amenisikia.

"Wasomee yangu," akasema. "Ila uanze na ile ya mtoto. Ile uliyonikatalia."

Nimekaa na maneno hayo tangu saa nne. Chakula cha mchana kimepita. Nimetafuta kazi zile za zamani kwenye maboksi ya stoo, nikijua sitaipata, kwa sababu tunachoma kila baada ya miaka miwili. Sikuipata. Haidhuru, naijua kwa moyo.

Kwa hiyo nimeanza kujaza. Wiki ya kwanza nitawagawa, siwaweki tena wote kwenye sufuria moja. Wa utabibu wataandika rufaa, maneno yasiyozidi hamsini, kinachoweza kuua kiwe cha kwanza. Wa kilimo watamwandikia mkulima maelekezo ya kupulizia dawa ya salfa kwenye mikorosho, kisha tutampa mkulima wa kweli ayasome kwa sauti, tuone atachanganya nini na nini. Wa ualimu wataandika swali la mtihani na kumpa jirani alijibu. Wa maendeleo ya jamii watatoka na muhtasari wa mkutano wa kijiji, na wausome mbele ya mtu aliyekuwapo mkutanoni lakini hakwenda shule, wamuulize kama ndivyo alivyosema. Wiki ya pili, wabadilishane. Wa utabibu asome ya wa kilimo, wa kilimo asome ya wa utabibu. Na kila karatasi iwe na mstari mmoja wa mwisho wenye swali kwa aliyeibeba: wewe unajua nini ambacho hakimo humu?

Kisha wiki ya tatu nitasimama mbele ya vijana walewale, niwaambie sasa jambo zito liache mwisho. Mtihani ndivyo unavyotaka. Nitalisema hilo kwa uso gani, bado sijui, na kwenye fomu hakuna mahali pa kuliandika.

Jumatatu saa mbili nitaingia ukumbini. Watakuwa wamevaa sare mpya, daftari mpya, wamenyamaza kwa woga wa siku ya kwanza. Watasimama, watanipa shikamoo kwa sauti moja. Nitachukua chaki. Nitaandika ubaoni, mtoto ana homa, siku ya tatu, hanyonyi tangu jana, utosi umebonyea, apelekwe sasa hivi.

Na nitawaambia aliyeandika hivi alikuwa mwanafunzi wangu, na mimi ndiye niliyemwachisha kuandika hivyo.