Uzi Mdomoni mwa Mbwa

Kaka yangu,

Huku tunajikongoja. Ila mbwa wa baba katutoa kijasho: alimeza kitambaa, uzi ukabaki unaning'inia mdomoni. Mama akataka kuuvuta. Daktari wa mifugo akafoka kwenye simu, "Usivute, mama, utamkata utumbo! Mleteni!" Akapasuliwa, akapona.

Unakumbuka baba akimaliza kushona alivyokuwa akimtupia kitambaa acheze, ishara kwamba kazi imekwisha? Tangu tumzike baba hakuna aliyemtupia, basi kajichukulia mwenyewe.

Jana mama, ambaye msibani hakutoa hata chozi, alifunika cherehani, akamtupia mpira mkubwa usiomezeka. Mbwa akauokota, akaupeleka kwenye kiti cha baba, akakaa kusubiri.

Njoo, kaka. Mazishi yamepita, lakini mama ndio kwanza ameanza kulia.

Mdogo wako, kitindamimba