Tangi Lako Tumelibomoa

Lucky Summer, Nairobi
1996

Mama,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu kila anayeniuliza hali namwambia niko sawa, na wewe hukuwa mtu wa kudanganywa.

Tangi lako tumelibomoa.

Najua ulivyolipenda. Siku ya kulijenga mimi na Kioko mwanao tulibeba kokoto kwa karai, nawe umefunga leso kiunoni ukimharakisha fundi kana kwamba mvua iko mlangoni. Mifereji ya kanju, hao wa baraza la jiji, ilikuwa mikavu kama kawaida, basi simiti tukaikoroga kwa maji ya kisima cha kanisa, hayo hayo ya chumvi yasiyotoa povu hata usugue sabuni mpaka iishe. Nani angejua? Lilipojaa mara ya kwanza, juu ya nguzo zake nne, uliita ploti nzima, wapangaji wote, ije ichote. "Hapa hakuna mtu atalala bila kuoga," ulisema, ukacheka mpaka ukakohoa.

Tuliporudi kutoka kukuzika Machakos, niliona michirizi ya rangi ya kutu kwenye nguzo ya upande wa jikoni. Nikaipaka chokaa. Ikarudi. Kisha ukatokea ufa, ukapanda polepole kuelekea juu. Nikamwita Njoroge, yule fundi wa kona. Aligonga nguzo kwa nyundo, ikalia kama kitu kilicho kitupu ndani. Akabandua kipande kwa vidole, Mama. Kwa vidole tu.

"Simiti hunywa maji, dada," akaniambia. "Haya yenu yanaingia na chumvi yake mpaka kwenye chuma. Chuma kikishika kutu kinavimba, kinapasua simiti kutoka ndani. Hii hata nikipiga plasta nitakuwa nakuibia."

Nilienda kwenye kibanda cha simu nikampigia Kioko, Mombasa. Alikasirika. "Nguo zake mmegawa. Meza yake ya kuuzia githeri mmeuza. Sasa tangi? Liache, Mutheu." Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikazungusha kamba kwenye nguzo, nikawafukuza watoto waliozoea kucheza kivulini pale. Nikirudi tu ndani, wanarudi. Nilikuwa naenda kazini na tangi kichwani, nalala nalo.

Jumamosi moja Mama Akinyi alikuwa akimwogesha mtoto wake kando ya ile nguzo. Kamba alikuwa ameisogeza, maana bomba liko pale na mahali pengine hakuna. Alimwinua mtoto tu amfute, bonge la simiti likaanguka ndani ya karai. Karai lilikunjika, Mama. Alikuja mlangoni mwangu amemkumbatia mtoto, maji bado yanamdondoka, akasema, "Mama yako alikuwa rafiki yangu. Lakini siwezi tena." Nikampokea mtoto ili yeye apate kuketi.

Nilimpigia Kioko tena, nikamweleza kuhusu karai. Kesho yake akafika. Hakuingia nyumbani. Alienda moja kwa moja kwenye nguzo, akashika chuma kilichokuwa wazi, akakipinda kidogo. Kikavunjika mkononi mwake. Akakaa chini kwenye tope na suti yake ya kazini.

Tulimwaga maji, Njoroge akalitegemeza tangi kwa magogo, na Kioko akaomba nyundo. Fundi alitaka kukataa, nikamkonyeza amwache. Lo, alivyopiga! Kila pigo nilitaka kumwambia basi, inatosha. Vumbi lilimjaa usoni, machozi yakachora njia. Jioni alinionyesha viganja vilivyochubuka, akauliza, "Alijitahidi hivyo, mbona ikaisha hivi?" Nilimwambia tu kwamba mtoto wa Mama Akinyi yuko hai, na kwamba wewe mwenyewe ungekuwa wa kwanza kushika nyundo. Aliitikia kwa kichwa. Nikamfunga kitambaa.

Sasa tuna tangi la plastiki, tumeliweka chini kabisa. Majirani wanachota. Hakuna anayelisifu, lakini hakuna anayeliogopa.

Asubuhi ya leo niliingia jikoni mwako kuwasha stovu, nikasimama. Jua lilikuwa limeingia, pale kilipokuwa kivuli cha tangi. Lilikuwa limefika mpaka ukutani kwenye sufuria zako, mahali ambapo miaka yote hii tumepapasa kwa mikono. Nikavuta kigoda, nikaketi hapo hapo mpaka chai ikapoa. Tangu uende sijawahi kuketi hivyo.

Nakuahidi sitagombana na Kioko juu ya chochote ulichoacha. Atakachotaka kubaki nacho, achukue. Na nitaanza kupumzika, Mama, polepole, nikijifunza.

Lala salama. Mimi nabaki hapa kwenye jua kidogo.

Binti yako,
Mutheu