Ziwa Uliloliona Nyuma Yangu

Mama Riziki,

Kabla hujaichana karatasi hii, kifua cha Riziki kimetulia? Na mama yako, mguu unamruhusu kufika shambani? Mimi huku Johannesburg nipo. Baridi inaingia mpaka kwenye mifupa na mgongo unauma kwa kubeba nyaya, lakini nakula na ninalala. Naandika kwa kalamu kwa sababu namba yangu umeifungia kwenye simu yako. Barua anaileta Mzee Byaombe, fundi viatu jirani yangu huku, ambaye anarudi kwao. Ndiyo, kwao ni Mboko. Najua utasema, “Si nilisema!” Sina mtu mwingine wa kumtuma.

Sauti yako ya mwisho uliyonitumia kwenye simu naisikiliza kila siku. “Baba Riziki, unanifanya mi mujinga? Ile video iko hapa Baraka! Milima ya Ubwari naona na macho yangu. Na ule mwanamuke anakupanga kola ni nani? Ulisharudi, unajificha kwake Mboko. Mi naenda kwetu.” Nyuma yako namsikia kaka yako Alimasi: “Dada, mi niko muntu wa boti, ziwa yetu naijua!”

Sijarudi. Nieleze polepole, kwa sababu hata mimi mwanzoni sikuelewa.

Nilikwambia nafanya kazi kwenye nyumba ya kupigia filamu. Ndani yake kuna ukuta mrefu kuliko kanisa letu, uliopinda, wote umejaa taa ndogo ndogo. Wakiuwasha unaonyesha picha: msitu, mji, chochote wanachotaka. Waigizaji wanasimama mbele yake, na ukitazama kwenye kamera huwezi kujua kwamba wapo ndani. Safari hii waliweka ziwa. Walilipiga kutoka kwenye boti, kamera nyingi zimefungwa pamoja kwenye chuma kimoja, kila moja inarekodi kipande chake, halafu vipande vyote vikaunganishwa vikawa maji mamoja. Picha ni safi kiasi kwamba unahesabu mawimbi.

Huku ndani nako kamera zinarekodi zote kwa pamoja, kila moja na mashine yake. Kazi yangu ni kuvuta nyaya, kubadilisha diski zikijaa, na kukaa mbele ya mashine hizo nikitazama taa zake. Taa moja ikizimika napiga kelele, wote wanasimama, wanaanza upya, hata kama mwigizaji alishalia machozi ya kweli. Siku nzima unatazama taa tu. Ukifika chumbani bado unaziona.

Siku ile mashine moja iligoma. Mafundi walipokuwa wanaitengeneza, mkubwa wa filamu alitaka mtu mweusi kama mwigizaji wake asimame kwenye mchanga kando ya mtumbwi, wapime mwanga. Wakaniita. Wakanivalisha shati la mvuvi, na yule mwanamke akaja kuninyoosha kola. Ni mshonaji. Hiyo ndiyo kazi yake, kola za watu wote amezishika, hata ya mzee anayefagia. Mchanga waliuleta kwa lori. Mtumbwi ni nusu tu, upande wa pili ni mbao na misumari.

Juma, mwenzangu wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, ndiye aliyenipiga video kwa simu yangu. “Umependeza!” akasema. “Umesimama kwenye ziwa letu.”

“Lenu tangu lini?” nikamwambia. “Hili ni letu.”

“Picha imepigwa kwetu, bwana. Hiyo milima ya mbali ndiyo yenu. Wasalimie.”

Tukacheka. Nikakutumia bila kuandika neno, nikidhani na wewe utacheka. Hapo ndipo nilipoharibu.

Sasa najua nyumba yetu Baraka umeifunga, upo kwa wazazi Lubondja. Najua pia desturi yetu: mke akirudi kwao, mume anakwenda mwenyewe, anakaa mbele ya wakwe, anasema yake, wao wanaamua kama mke atarudi naye. Mimi siwezi kufika kabla kazi hii haijaisha. Nikiondoka katikati, hawanirudishi. Kwa hiyo naomba barua hii ikae kwenye kiti changu. Mpe baba aisome kwa sauti, na mama awepo.

Baba mkwe, shikamoo. Sina shahidi wa kukuletea, ila hiyo video yenyewe. Iko kwenye simu ya binti yako. Usinitazame mimi, wala kola. Tazama jua. Walikuwa wanaikimbiza picha ya ukutani kuijaribu, kwa hiyo utaliona likitembea. Linashuka. Linazama kule kwenye maji.

Mama Riziki, tangu uzaliwe, umewahi kuliona jua likizama ziwani pale Baraka? Kwetu linatoka ziwani asubuhi, na jioni linaingia milimani nyuma ya nyumba. Wanaoliona likizama majini ni watu wa Kigoma. Mwambie kaka yako, yeye muntu wa boti.

Nikuambie na jambo moja ambalo Juma halijui. Walipoenda kula, niliusogelea ule ukuta, mahali milima yetu ilipo. Kuugusa ni marufuku. Niliugusa. Ni mgumu, na una joto kama ubavu wa sufuria. Nikarudi kwenye mashine zangu.

Msalimie mama, mwenye mguu. Msalimie Riziki, mwambie asiende mtoni na kifua hicho. Alimasi msalimie pia, simfungii moyo, alikuwa anamlinda dada yake.

Mkimaliza kusoma, jioni tokeni nje wote, mtazame jua linakoingia. Halafu baba aamue. Simu yangu nitaiacha wazi.

Mume wako, ambaye bado yuko mbali,
Baba Riziki