Nimebandika Sura ya Saba kwa Gundi

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, mimi ni mwalimu wa biolojia wa kidato cha nne, mwaka wa kumi na moja huu, na mwaka jana mkuu wetu wa shule alileta wageni kutoka ng'ambo, watu wakarimu kweli, wakatupa semina ya siku tatu, mkoba wa bluu, cheti chenye muhuri wa dhahabu na maboksi ya vitabu vya picha vinavyosema dunia haijafikisha hata miaka elfu kumi na kwamba mageuko ya viumbe ni uongo wa kuwatenga watoto na Mungu, nami sikuuliza kitu kwa sababu ni mtu wa sala na pia, nisikufiche, nilipenda kuitwa mratibu wao hapa shuleni, basi tukaambiwa sura ya saba ya kitabu cha serikali, ile ya mageuko, "ipumzishwe", nikakaa maabara na chupa ya gundi nikabandika kurasa zake zishikane, vitabu arobaini na vitatu, kwa mkono wangu, sasa mtihani wa taifa umebakiza wiki sita na sura ya saba hutoka kila mwaka, na binti wa dada yangu, yumo darasani humohumo na anataka udaktari, juzi alisimama akasema, "Mama mdogo, samahani, Mwalimu, kama ni uongo mbona unaogopa tuusome?" nikamtoa nje, na Alhamisi wageni wanarudi na kamera wanirekodi nikieleza nilivyoiacha sayansi ya uongo, video ipelekwe nchi nyingine, na mkuu amesema nikikataa nitafute pa kufundisha. Nifanyeje?

Mratibu

Mratibu wa gundi,

Pole, ingawa pole yangu ni ndogo. Miaka kumi na moja ya ualimu, umeshindwa na mkoba! Hapa mezani nina barua mbili kama yako, kutoka nchi mbili tofauti. Mkoba ni uleule, semina ni ileile, hata hilo neno "ipumzishwe" limo. Ulidhani umeteuliwa, kumbe umepangwa foleni. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kimetembezwa hadi kwako kwa ndege. Walikuwa wanatafuta darasa lisilouliza maswali. Alipotokea mmoja wa kuuliza, ukawasaidia kumtoa nje.

Usinijibu kwamba ni imani. Hata mimi nasali, tena kwa sauti. Ila Mungu wa kulindwa na chupa ya gundi dhidi ya kitabu cha kidato cha nne, huyo simjui.

Mkuu wako mwombe amri yake kwa maandishi, maana vitabu ni vya serikali na mkaguzi atataka kujua nani aliagiza viharibiwe. Utaona atakavyokohoa. Kamera nayo usiikimbie. Alhamisi ikukute ubaoni unafundisha sura ya saba.

Leo chemsha maji. Mvuke hulegeza gundi, kwa hiyo fungua ukurasa mmoja mmoja, vitabu vyote arobaini na vitatu, wewe mwenyewe, usimtwishe mwanafunzi. Kisha msimamishe binti wa dada yako mbele ya wenzake walewale, umjibu swali lake: "Nilikuwa naogopa." Mengine yamo kitabuni.